Shavrole ya Kasingirima

Wanawake wa Ujiji wanaokaribia kuolewa, na wale wanaotaka tu kupendeza, huenda mtaa wa Kasingirima kwa Semeni binti Hamdani. Nyumba yake haina kibao. Ukishuka kutoka barabarani kuelekea ziwani utaona mkeka barazani, na mkekani mguu wa mtu umenyooshwa, na juu ya mguu huo ameinama mwanamke wa makamo, mnene kidogo, kitambaa kichwani, anachora. Huyo ndiye. Anaweza kuchora jani lenye mishipa yake yote juu ya ukucha wa kidole cha mwisho huku anazungumza na jirani aliye ng'ambo ya uchochoro. Watu husema mkono ule alizaliwa nao. Mwenyewe husema ni pumzi tu. "Ukivuta mstari kwa vidole utapinda," huwaambia. "Toa pumzi taratibu, mstari utaifuata wenyewe."

Mumewe alikwenda Mpanda kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo hukohuko. Semeni alimlea binti yao Shadia kwa hina, piko na rangi za kucha, mpaka Shadia akawa mtu mzima na kupata kazi katika duka la simu pale Mwanga. Baada ya hapo nyumba ikawa na ukimya ambao Semeni hakuuzoea. Mchana kulikuwa na wateja. Ila alasiri, jua likianza kuegemea upande wa Kongo na ziwa likigeuka rangi ya shaba, alikuwa akikaa peke yake barazani na kuwaza vitu visivyo na jina.

Zamani alikuwa na rafiki wa kuwaza naye. Jina lake Recho, Mbembe wa Fizi, ng'ambo ya Kongo, aliyevuka ziwa wakati wa vita na kuishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Semeni alikuwa akipanda basi na hina yake kwenda soko lililokuwa karibu na kambi, na hapo walitandika mkeka mmoja. Recho akisuka kichwa, Semeni akichora miguu, mteja yuleyule mmoja, na mteja alipoinuka ilikuwa kama ameumbwa upya. Kisha jina la Recho likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa Marekani. Akaenda Michigan, akapata kazi ya kumtunza mzee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake. Tangu hapo urafiki wao ukawa wa sauti. Recho hurekodi maneno kwenye simu akiwa ndani ya gari lake, Semeni huyasikiliza barazani.

"Miye niko salama, dada," Recho alisema siku moja. "Huku baridi iko inauma mpaka meno. Mzee wangu huyu, mzee Walta, alifanya kazi kiwandani, alikuwa anatengeneza magari. Sasa amestaafu, unajua anafanya nini? Anatengeneza magari. Ila madogo."

Akamweleza. Gari linakuja ndani ya boksi likiwa vipande vya plastiki, vimeshikana kwenye vijiti kama zabibu kwenye kikonyo. Unavinyofoa kimoja kimoja, unavipiga msasa, unavigundisha, unapaka rangi. Ukimaliza unakuwa na gari la shibiri moja, lenye injini, usukani, viti, hata kitasa cha dirisha. Na siyo magari ya sasa. Ni yale ya Kimarekani ya zamani, marefu, yenye mapezi nyuma kama samaki.

"Ya kuchezea watoto?" Semeni aliuliza.

"Ukimwambia hivyo atanuna kutwa nzima."

Mikono ya mzee Walta ilikuwa imeanza kutetemeka. Recho akawa anamshikia vipande, na katika kushika huko akamsimulia habari za rafiki yake wa Ujiji anayechora mistari myembamba kama unywele. Mzee akataka kujua anatumia brashi gani. Recho akamwambia anatumia kijiti na sindano. Mzee akacheka, kisha akauliza Ujiji iko wapi.

Mzee Walta alifariki wakati wa theluji. Binti yake alipokuja kufunga nyumba, maboksi ya magari yaliwekwa nje pamoja na takataka, na Recho akaomba apewe. Aliyapanga ndani ya shehena ya makoti na viatu, akayatuma kwa meli hadi Dar es Salaam, na kutoka huko yakaja kwa treni hadi Kigoma. Semeni aliyapokea stesheni akidhani ni nguo tupu.

Aliyafungua barazani mchana kweupe. Magari mengine yalikuwa bado vipande, hayajaguswa. Mengine yalikuwa yamevunjika njiani: mlango huku, bampa kule. Lakini moja lilimvuta jicho. Lilikuwa Shavrole ya miaka ya hamsini, aina ya Bel Air, na ilionekana ni la siku nyingi kuliko yote. Mtu alilijenga akiwa bado hajui kujenga. Gundi ilikuwa imechuruzika na kugeuka njano. Rangi ilipakwa nene, ikapasuka kama matope ya kiangazi. Matairi yake ya mpira yalikuwa yamezeeka hadi yakaiyeyusha plastiki ya rimu na kung'ang'ania humo.

"Hilo ndilo la kwanza alilotengeneza," Recho alisema alipotumiwa picha yake. "Alilitengeneza akiwa kijana. Kila mwaka alikuwa anasema atalirekebisha. Lirekebishe wewe."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa rangi ile ya zamani. Semeni alijua jambo moja kuhusu kuondoa rangi, nalo alilijua kuliko mtu yeyote Ujiji. Akachukua pamba, akaichovya katika dawa ya kufutia kucha, akalifuta paa la gari.

Rangi ilitoka vizuri. Akafurahi, akafuta tena. Mara akahisi kitu chini ya kidole kinalegea kama siagi. Akainua pamba. Alama ya kidole chake, na mistari yake yote, ilikuwa imechapwa katikati ya paa, na paa lenyewe lilikuwa linabonyea taratibu kuelekea ndani, kama mtu anayepitiwa na usingizi. Dawa ile hula plastiki. Lilipoacha kubonyea likakauka hivyohivyo, limekunjamana, halina umbo.

Semeni aliweka gari chini akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Siku hiyo mteja alikuja akaambiwa arudi kesho. Jioni alimtumia Recho sauti: "Nimeliharibu gari la mzee. Nimeyeyusha paa."

Recho hakujibu. Kesho yake hakujibu. Semeni alichora miguu ya watu akiwa na moyo mzito kama jiwe la kusagia. Alifikiri urafiki wa miaka yote ile umeyeyuka pamoja na lile paa. Ndipo jibu likaja, na ndani yake kelele za barabara.

"Nisamehe, nilikuwa zamu za mfululizo. Nimekusikia. Dada, unajua mzee huyo aliyeyusha mangapi? Alikuwa na boksi zima la magari aliyoyaharibu, hakulitupa. Akikosa kipande cha kutengenezea gari jipya, anakwenda kutafuta humo. Haya, inuka."

Akainuka. Alikwenda Gungu kwa Adolf, fundi wa pikipiki, kumwuliza kama ipo dawa inayobandua rangi bila kula plastiki. Adolf akawaza, akamwambia oili ya breki ikimwagika kwenye tenki la pikipiki hunyofoa rangi, ila viplastiki vya taa za nyuma haviguswi. Akampa chupa nusu. Semeni aliimimina kwenye bakuli, akalichovya gari humo akaliacha, na alipolitoa na kulisugua kwa mswaki, rangi yote ikatoka kama ngozi ya mhogo uliochemshwa. Chini yake kulikuwa na plastiki nyeupe, safi, haijawahi kuona jua tangu mzee Walta alipokuwa kijana.

Paa lililoyeyuka halikuweza kurudi. Alilikata kwa wembe uliopashwa moto, taratibu, akitoa pumzi. Likawa gari la wazi.

Tangu siku hiyo alasiri zake zikapata mwenyewe. Alipata kwa wapaka rangi wa magari ile rangi ya kijivu ya kutangulizia, akaipuliza ili plastiki isiguswe na kitu kikali. Juu yake akapaka rangi ya kucha, ile wanayoiita damu ya mzee, nyembamba mno, akaacha ikauke, akapiga msasa wa kucha, akapaka tena, hadi ubavu wa gari ukawa na kina, ukiutazama unaona kama unatazama ndani ya maji. Bampa alizifunika kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, akaisugua kwa ukucha hadi ikaacha kuonekana karatasi. Kioo cha mbele alikikata kwenye boksi la keki. Matairi aliyachonga kutoka kandambili nyeusi, na ukingo wake mweupe akauzungusha kwa kijiti kilekile cha piko.

Semeni hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Lakini akiwa ameinama pale, puani harufu ya rangi na ya dagaa wanaoanikwa, kichwa chake kilikuwa kikiondoka. Alijiona ameketi kwenye kile kiti cheupe, mkono mmoja kwenye usukani, kanga inapeperuka. Hakuijua njia. Mara nyingine ilikuwa barabara ya Michigan, nyeupe pande zote, ya kimya, gari likienda bila mlio. Mara nyingine ilikuwa ziwa lenyewe, limelala, na gari likiteleza juu yake kuelekea milima ya Fizi, Recho ameketi pembeni, nywele hazijasukwa. Halafu mtu angebisha hodi, naye angerudi barazani, kijiti mkononi, bila kujua alikuwa amekaa muda gani.

Lilipokamilika, Shadia alilibeba hadi ufukweni akaliweka mchangani, akalala kifudifudi na kulipiga picha kwa simu. Nyuma yake kulikuwa na ziwa, na nyuma ya ziwa milima. Katika picha ile gari halikuwa dogo. Lilikuwa Shavrole jekundu la wazi, limeegeshwa kando ya maji, kama mwenyewe amekwenda kuoga na anarudi sasa hivi. Shadia akaiweka mtandaoni watu waione. Watu wakawatumia watu.

Hivyo ndivyo Mzee Gervasi alivyofika.

Alikuja asubuhi kwa bodaboda kutoka Kidahwe, koti limejaa vumbi, kofia mkononi. Alikuwa mkulima wa michikichi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini.

"Mwakeye," alisalimu kwa Kiha, kisha akakumbuka yuko Ujiji. "Hodi, mama."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeelekezwa kwako. Nimekuja kwa ajili ya gari."

Semeni alidhani amekosea nyumba. Mzee akatoa simu, akamwonyesha picha. Binti yake, Happiness, alikuwa anaolewa Jumamosi ile na kijana mtumishi wa serikali, wa ukoo wa watu wa Kasulu wenye magari yao. Gervasi hakutaka mwanawe atoke nyumbani kama mzigo wa mhogo. Alipoiona picha ile kwenye simu ya mpwawe aliuliza gari liko kwa nani, akaambiwa liko Ujiji, kwa Semeni wa hina. "Nimekwisha kumwambia mtoto," alisema. "Nimemwambia, utatoka katika hili. Sasa nionyeshe nilione, tupatane."

Semeni aliweka kijiti chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na gari limekaa juu ya viganja vyake viwili.

Gervasi alilitazama. Akatazama nyuma ya Semeni, mlangoni, kama anayesubiri jingine litoke.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, mzee."

"Hakuna kubwa lake?"

"Kubwa lake liko Marekani."

Mzee aliketi juu ya mkeka bila kukaribishwa. Akaomba maji. Akayanywa yote, akaweka kikombe chini, akalichukua gari kwa vidole vyake vinene kwa uangalifu, kama mtu anayepewa kifaranga. Akalizungusha. Akaona usukani. Akaona viti. Akainama kuona chini, akakuta mpaka bomba la moshi lipo.

"Limetengenezwa," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake. "Lakini nitamwambia nini mwanangu?"

Semeni alikuwa akimwangalia mzee yule amelishika gari juu, karibu na macho yake, na mbali nyuma ya gari, kule chini ufukweni, mwanamke mmoja alikuwa amesimama akianika dagaa. Kutoka pale alipoketi Semeni, kiwiliwili cha yule mwanamke kilitokeza juu ya mlango wa gari. Alionekana ameketi ndani yake.

"Mzee," alisema, "mlete binti yako kwangu Ijumaa, na gauni lake. Nitamchora mikono. Kisha nitampandisha katika gari hili."

Gervasi alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. Lakini Ijumaa akamleta.

Happiness alikuwa msichana mchangamfu aliyekwisha kuambiwa ukweli njiani, akalia kidogo, akanyamaza. Semeni alimpaka piko mikononi hadi kwenye viwiko. Jua lilipopungua ukali wakashuka wote ufukweni: bibi harusi ndani ya gauni jeupe, baba yake na koti lake, Shadia na simu, na Semeni amebeba gari ndani ya kitambaa. Aliliweka juu ya kipande cha ubao kilichofunikwa mchanga, akalala kifudifudi, shavu ardhini. Shadia alimwachia simu, akampeleka Happiness mbali, nyuma kabisa, karibu na maji.

"Mwambie asogee kulia," Semeni alisema. "Bado. Nyuma zaidi. Hapo."

Katika kioo cha simu bibi harusi akaingia garini. Aliingia kwa upole, kama ndoto inavyomwingia mtu kabla hajajua amelala. Shela lake likaangukia nyuma ya kiti, mkono wake mmoja wenye maua meusi ukakaa juu ya mlango wa damu ya mzee, na ziwa lote likawa barabara yake. Upepo ulikuwa umetulia. Mitumbwi ilikuwa imesimama. Semeni alisahau kupiga picha kwa muda, maana alikuwa anamwangalia mtu amefika mahali ambapo yeye alikuwa akienda kila alasiri.

"Mama, bado?" Shadia aliita kutoka kando ya maji.

Akatoa pumzi, akabonyeza.

Gervasi alipopewa simu aliitazama picha ile. Kisha akamwita binti yake aje aone, na Happiness akaja mbio ameinua gauni, miguu peku imejaa mchanga, akaona, akaziba mdomo kwa mikono yake miwili iliyochorwa. Jioni ileile baba alifika mwenyewe hadi studio moja ya Mwanga, picha ikachapwa kubwa, ikatiwa fremu.

Jumamosi Happiness alitoka nyumbani Kidahwe katika Noah ya kukodi, imefungwa riboni. Ukumbini picha ilisimamishwa pembeni ya keki. Wakwe wa Kasulu waliizunguka, wakaisogelea, wakarudi nyuma. Baba wa bwana harusi akamfuata Gervasi. "Mkwe, gari lile zuri mno. Mbona halikuja?"

Semeni, aliyekuwa ameketi meza ya jirani na sahani yake ya pilau, aliacha kutafuna.

"Gari lile halipendi vumbi," Gervasi alijibu kwa utulivu. "Barabara yetu unaijua."

Mkwe akatikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na uongo ndani ya maneno yale, na Semeni akaendelea kula. Baadaye Happiness alipita mezani kwake, akainama, akamnong'oneza kwamba yeye kwa upande wake anakumbuka amepanda gari lile, na kwamba viti vyake ni laini.

Wiki iliyofuata Recho alituma sauti ndefu. Alikuwa amempelekea ile picha binti wa mzee Walta. Yule mama alilitambua gari kwa pezi la nyuma, lile la kushoto, ambalo baba yake alilibandika upande kidogo na Semeni hakuwa na moyo wa kulinyoosha. Akauliza bibi harusi ni nani. Akauliza ziwa lile ni lipi, maana yeye amekulia karibu na ziwa kubwa na halifanani na lile.

"Nikamwambia ni Tanganyika," Recho alisema. "Nikamwambia ng'ambo ile unayoiona pale, ile milima, ndiyo kwetu. Akaniuliza, ni kwenu pale? Nikasema ndiyo, pale. Tukakaa tunaangalia wote wawili. Halafu ananiambia stoo kwake bado kuna maboksi mengine, anataka kujua kama mwenye mkono anaendelea."

Semeni alikuwa ameinamia pikapu ya buluu ambayo mlango wake ulivunjika njiani. Safari hii hakurekodi; alimpigia. "Mwambie naendelea. Na wewe uko wapi sasa?"

"Niko barabarani, natoka kazini. Theluji inaanguka."

"Usikate. Nieleze unapita wapi."

Recho akaanza kumweleza: taa, daraja, kiwanda kilichofungwa, miti isiyo na majani. Semeni akaweka simu juu ya goti, akatia gundi kidogo kwenye bawaba ya mlango, akaushikilia mahali pake hadi ushike.